Lin Zexu na Kasumba ya Waingereza

Neno kasumba wengi wetu twalitumia kwa maana ya mawazo mabaya tuliyoachiwa na wakoloni. Lakini maana yake ya asili ni afyuni, na wananchi wa China waliijua kasumba hiyo ya kuvutwa kwa kiko kabla mababu zetu hawajaijua ile nyingine.

Lin Zexu alizaliwa Fuzhou mwaka 1785, mwana wa mwalimu maskini. Mwaka 1811 alifaulu mtihani mkuu wa dola, akaingia katika utumishi wa mfalme, na sifa yake ikawa ni ya mtu asiyekula rushwa.

Siku hizo Waingereza waliipenda mno chai ya China, bali China haikuhitaji sana bidhaa zao, nao wakalazimika kulipa fedha halisi. Hila waliyoipata ni kasumba ya Bengal, iliyolimwa chini ya Kampuni ya India ya Mashariki na kuingizwa China kwa magendo. Fedha ikageuza njia, ikawa yatoka China.

Mwezi Machi 1839 Lin aliwasili Guangzhou, mjumbe wa Mfalme Daoguang mwenye mamlaka kamili. Aliwazingira wafanya biashara wa kigeni majumbani mwao mpaka wakatoa makasha zaidi ya 20,000. Kuanzia tarehe 3 Juni, huko Humen, kasumba ilitumbukizwa katika mashimo yenye maji, chumvi na chokaa, ikavurugwa hata ikayeyuka, kisha ikafunguliwa iende baharini. Kazi hiyo ilichukua majuma matatu hivi. Kabla ya kuianza, Lin alitoa sadaka kwa mungu wa bahari akimtaka radhi kwa uchafu ule. Wauzaji hawakupata kumtaka radhi mvutaji hata mmoja.

Uingereza ilijibu kwa manowari. Mfalme akamtupia mjumbe wake lawama yote, akamwachisha kazi mwaka 1840, kisha akampeleka uhamishoni Ili, mpaka wa magharibi. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 uliwapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong, kilichorudi China mwaka 1997 tu, pamoja na dola milioni 21. Milioni 6 kati ya hizo zilikuwa bei ya kasumba iliyoharibiwa!

Uhamishoni Lin hakukaa bure: alisimamia mifereji ya kumwagilia mashamba. Mwaka 1845 alirudishwa kazini. Hata hivyo tusimfanye mtetezi wa makabwela, kwani alikuwa mtumishi wa kiti cha enzi mpaka mwisho. Mwaka 1850, akiwa mgonjwa, aliitwa tena akawazime waasi wa Guangxi, ambako vita vikuu vya Taiping vilikuwa karibu kuzuka. Alifia njiani mwezi Novemba.