Warren S. Johnson

Warren Seymour Johnson (Leicester, Vermont, 6 Novemba 1847 – Los Angeles, California, 5 Desemba 1911) alikuwa mwalimu, mvumbuzi na mfanyabiashara kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuunda kifaa cha umeme cha kurekebisha joto la vyumba. Kifaa hicho ni kimojawapo cha vyanzo vya mifumo inayosimamia joto na nishati katika majengo makubwa leo.

Maisha ya ualimu

Johnson alikulia Wisconsin. Kabla ya kuwa mvumbuzi alifanya kazi ya ualimu, na baadaye alifundisha katika chuo cha ualimu cha Whitewater. Wakati wa baridi kali, vyumba vya madarasa vilipashwa joto kutoka tanuri lililokuwa chini ya jengo. Mhudumu alilazimika kuingia kila darasa kuangalia kipimajoto, kisha kurudi chini kuongeza au kupunguza joto. Masomo yalikatizwa mara kwa mara, na hata hivyo wanafunzi walikaa ama katika baridi ama katika joto lililozidi.

Uvumbuzi

Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa chake. Kilitumia kipande cha metali kinachojikunja joto linapobadilika. Kipande hicho kilifunga mkondo wa umeme na kupiga kengele kwenye chumba cha tanuri, hivyo mhudumu alijua la kufanya bila kuingia darasani.

Bado mtu alihitajika kuitikia kengele. Mwaka 1895 Johnson alipata hataza ya mfumo uliotumia hewa iliyoshindiliwa kufungua na kufunga vali za mvuke. Kuanzia hapo kila chumba kiliweza kuwa na kiasi chake cha joto, na mvuke haukupotea bure katika chumba chenye joto la kutosha.

Kampuni

Mwaka 1885 Johnson na wafadhili wake walianzisha Johnson Electric Service Company mjini Milwaukee, naye akaacha ualimu. Alibuni pia saa kubwa za minara, magari ya mvuke na vyombo vya simu ya upepo.

Baada ya kifo chake kampuni iliacha shughuli hizo na kubaki na kazi ya kudhibiti joto. Tangu mwaka 1974 inaitwa Johnson Controls. Siku hizi kompyuta zimechukua nafasi ya kengele, lakini kazi ni ileile: kupima, kulinganisha na kurekebisha.