Priya Ramrakha: Mpigapicha wa Wakuu na wa Makabwela

Mwanafunzi wa Kakamega afunguapo kitabu cha historia ya uhuru, aghalabu hulakiwa na sura za viongozi kama Jomo Kenyatta na Tom Mboya. Ni nadra akutane na sura ya mwananchi wa kawaida. Marehemu Priya Ramrakha aliwapiga picha wote hao, ila sifa yake ilitokana na wale wakuu.

Ramrakha alizaliwa Nairobi mnamo mwaka wa 1935, katika ukoo wa Wakenya wenye asili ya Kihindi. Uanahabari ulikuwa kazi ya ukoo huo. Jamaa yake, Girdhari Lal Vidyarthi, alianzisha gazeti la Colonial Times mwaka wa 1933, na serikali ya kikoloni ikamfunga kwa sababu ya maandishi yake. Ramrakha alilipigia gazeti hilo picha angali kijana. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, kamera yake iliwaelekea raia waliokuwa wakikaguliwa na askari, pamoja na maisha ya kila siku katika mji uliogawanywa kwa misingi ya rangi.

Baadaye alisomea upigaji picha Los Angeles, Marekani, ambako aliwapiga picha Malcolm X na Martin Luther King. Aliporejea, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuyafanyia kazi majarida ya Time na Life. Majarida hayo yalihitaji habari kubwa: marais, mapinduzi na vita. Mengi aliyoyaona kando ya habari hizo hayakupata nafasi kurasani.

Tarehe 2 Oktoba 1968 aliuawa kwa risasi akiripoti vita vya Biafra, nchini Nigeria. Alikuwa na umri wa miaka 33. Picha zake zilikaa kwa miongo kadhaa zikiwa zimesahaulika, hadi jamaa yake, Shravan Vidyarthi, alipozipata katika gereji moja jijini Nairobi. Kitabu cha picha hizo kilichapishwa mwaka wa 2018.

Ni bayana basi kwamba linalokumbukwa na taifa hutegemea pia aliyechagua cha kuchapisha na aliyehifadhi kilichobaki. Mtafiti wa fasihi na historia hana budi kuyafungua masanduku ya picha yaliyomo majumbani kabla mchwa hawajayafikia. Huenda humo ndimo walimo wananchi waliokosekana vitabuni.