Askofu Munzihirwa: mchungaji aliyebaki Bukavu



Ukisimama barabarani pale Makambako utayaona malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Tunduma. Mengine hayaishii Zambia, yanaingia mpaka Kongo. Basi Kongo tunaijua kwa malori na kwa muziki. Leo nawaletea mtu wa nchi hiyo, wa upande wa mashariki, kwenye Ziwa Kivu, ambako watu wanasali kwa Kiswahili kama sisi. Anaitwa Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996.

Kwa nini yeye? Mkoa wetu wa Njombe umekuwa ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na vijana wengi hapa wamelelewa na bibi zao. Msibani tunaambiwa tuvumilie, ni mapenzi ya Mungu. Wanaosema hivyo wana nia njema kabisa. Ila kijana akirudi nyumbani akakuta ada hakuna, na shamba la baba limeshachukuliwa na ndugu, neno la kuvumilia peke yake halimfikishi mbali. Anajiuliza Mungu yuko upande gani.

Swali hilo ndilo lililozaa teolojia ya ukombozi kule Amerika ya Kusini. Padre Gustavo Gutiérrez wa Peru alitoa kitabu chake mwaka 1971, akifundisha kwamba wokovu wa Kristo hauwezi kutengwa na minyororo ambayo maskini wamefungwa hapa duniani. Mwaka 1984 Roma ilionya juu ya baadhi ya mitazamo yake, hasa pale fikra za Karl Marx zilipoingizwa ndani. Lakini kuwatanguliza maskini, hilo Kanisa limelishika mpaka leo.

Sasa, mwaka huohuo 1971, angalia kilichotokea Kinshasa. Munzihirwa alikuwa padre wa miaka arobaini na kitu. Alizaliwa mwaka 1926 kwa Wabashi wa Kivu ya Kusini, akapewa upadre mwaka 1958, kisha mwaka 1963 akaingia kwa Wajesuiti. Alikwenda Ubelgiji kusoma mambo ya uchumi na jamii, akarudi nyumbani akiwa msomi mzuri tu, akawa karibu na wanafunzi wa chuo kikuu. Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Rais Mobutu akafunga chuo, akaamuru wanafunzi wote waingizwe jeshini kwa nguvu.

Padre angeweza kuwaombea kutoka mbali, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaomba aandikishwe jeshini pamoja nao. Yaani mtu mzima, padre, msomi, anaomba kuingia kwenye adhabu isiyo yake! Kwangu mimi hapo ndipo maisha yake yote yanapoeleweka. Hakuwa mtu wa kuandika vitabu vikubwa vya ukombozi, alijua tu mahali pa kusimama.

Miaka ya themanini aliwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati. Mwaka 1986 akawekwa askofu mwandamizi wa Kasongo, jimbo la barabara mbovu na watu maskini, akaishi kwa kawaida sana, bila makuu. Halafu mwaka 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu, na ule ulikuwa mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwezi Julai watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka kuingia Kivu, wamechoka, wana njaa, na kipindupindu kikawapata wengi upande wa Goma.

Hapa pana jambo gumu, na tusilipake rangi. Ndani ya kambi zile walikuwemo wauaji. Walikuwemo pia akina mama, watoto na wazee ambao hawakumgusa mtu. Munzihirwa alikataa wote wawekwe kapu moja. Aliandika barua baada ya barua kwa wakubwa wa dunia akiwaomba waliangalie eneo lile kabla halijalipuka. Aliwakemea askari wa Mobutu waliokuwa wakiwapora raia, na akaikosoa pia serikali mpya ya Kigali. Matokeo yake akapata maadui pande zote, na wengine wakamwita mtetezi wa wauaji. Maneno hayo yalimuuma bila shaka, lakini barua ziliendelea.

Oktoba 1996 vita vikafika. Wakubwa wa serikali na makamanda wakakimbia Bukavu, wananchi wakaachwa. Aliyebaki wa kuwasemesha watu ni askofu. Aliwaomba wasichukiane kwa sababu ya kabila na wasaidiane kwa kidogo walichonacho. Hakuwaahidi kwamba mambo yatakuwa mazuri, na pengine ndiyo maana walimwamini.

Jioni ya tarehe 29 alikuwa njiani mjini na gari lake likasimamishwa na askari walioingia kutoka upande wa Rwanda. Akashuka, msalaba wake mkononi, akawaendea kwa miguu. Wakampiga risasi. Wenzake waliokuwa naye nao waliuawa. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake, watu wakiogopa kuusogelea, hadi vijana waliokuwa wakisomea upadre kwa Waksaveri walipothubutu kwenda kuuchukua. Fikiria umri wao. Walikuwa kama ninyi mnaosoma hapa, VIWAWA na TYCS. Walimzika karibu na kanisa kuu.

Wapo wanaomwita Romero wa Kongo, kwa kumlinganisha na Mtakatifu Oscar Romero wa El Salvador, aliyeuawa akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980.

Baada yake Bukavu ilipata Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Naye hakunyamaza. Mwaka 2000 alizuiwa kurudi jimboni kwake kwa miezi kadhaa, akakaa uhamishoni Butembo. Aliporuhusiwa, watu wa Bukavu walijaa barabarani kumpokea.