CHARLIE CHAPLIN, MTU WA VIATU VIKUBWA

Kuna mwenzetu mmoja darasani ambaye tulimbandika jina la Chaplin. Aliyeanzisha jina hilo ni mimi. Nimeona heri nikiri mapema, kwa maana mficha uchi hazai.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mtaani kwetu hapa Nakuru kulionyeshwa sinema ya bure uwanjani. Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya nguzo mbili, nasi tukaketi nyasini tumejifunika shuka, manake baridi ya Menengai usiku si mchezo. Babu alisema zamani gari la sinema lilikuwa likizunguka mashambani kule Njoro, na yule mtu wa masharubu mafupi aliwachekesha vibarua hadi machozi bila kutamka neno hata moja. Filamu yenyewe ilikuwa The Gold Rush ya mwaka wa 1925. Mle ndani Chaplin amebanwa na njaa kwenye theluji, basi anachemsha kiatu chake, anakila na kufyonza misumari kama mifupa ya kuku. Tulicheka mbavu zikauma.

Shule zilipofunguliwa, mwenzetu akaja na viatu vya kakake vilivyomzidi miguu. Nikaropoka jina lile. Darasa zima likaangua kicheko, naye akainamisha kichwa.

Chama kiliponipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri, nilimchagua Chaplin nikidhani ni mambo ya kuchekesha tu. Kumbe!

Charles Spencer Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, na alilelewa London, Uingereza. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa jukwaani. Baba aliitoroka familia, na ulevi ukamuua mwaka wa 1901. Mama, Hannah, alibaki na watoto na cherehani ya kushonea watu nguo ili wapate riziki. Mwaka wa 1896 mambo yalizidi unga. Charlie akiwa na miaka 7 tu, waliingia katika nyumba ya mafukara, mahali ambapo maskini walilishwa kwa kufanyishwa kazi. Baadaye mama akaugua akili. Mwaka wa 1903 Charlie, kijana wa miaka 14, alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Kaka yake Sydney alikuwa baharini akifanya kazi melini, kwa hivyo Charlie aliishi peke yake hadi kaka aliporudi. Hebu fikiri, miaka 14 ni mdogo kuliko wengi wetu wa Kidato cha Tatu!

Hata hivyo hakukata tamaa. Tangu utotoni alikuwa amecheza dansi jukwaani na kikundi cha wavulana. Mwaka wa 1908 aliingia katika kampuni ya vichekesho ya Fred Karno, nayo ikamfikisha Marekani. Mwaka wa 1914 akaanza kuigiza katika sinema. Hapo ndipo alipojivika suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo nyeusi, fimbo, masharubu bandia na viatu vikubwa. Dunia nzima ikampenda yule mzururaji fukara mwenye adabu za bwana mkubwa. Kufikia mwaka wa 1916 alikuwa akilipwa dola 10,000 kwa wiki. Mwaka wa 1919 yeye na wenzake watatu walianzisha kampuni yao, United Artists. Mwaka wa 1921 alimleta mama yake Marekani, akamtunza hadi alipofariki mwaka wa 1928.

Hakuwa malaika. Alioa mara nne, na ndoa zake za kwanza zilijaa vurugu. Pia hakuogopa wakubwa. Mwaka wa 1940 alimfanyia Hitler mzaha katika filamu ya The Great Dictator. Mwaka wa 1952, aliposafiri kwenda London, serikali ya Marekani ilimnyima ruhusa ya kurudi kwa kumshuku siasa zake. Akahamia Uswisi na mkewe Oona na watoto wao. Miaka 20 ilipita kabla ya Marekani kumwalika tena, mwaka wa 1972, kupokea tuzo ya Oscar ya heshima. Watu walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu. Alifariki siku ya Krismasi mwaka wa 1977.

Kile kiatu alichokila kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, lakini njaa aliyoigiza aliijua tangu utotoni. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Chaplin alijicheka mwenyewe ili sisi tucheke pamoja naye. Mimi nilimcheka mwenzangu peke yake.

Nilipomaliza makala haya nilimpa mwenzetu ayasome kabla ya mhariri, nikamwomba msamaha. Aliyasoma kimya, akanisahihishia tarehe moja, kisha akasema niyaache yachapishwe hivyo hivyo. Viatu bado anavaa vile vile, lakini siku hizi anaitwa kwa jina lake.

Wenzangu, hujafa hujaumbika. Tucheke, lakini kwanza tutazame kama mwenzetu naye anacheka.

Na mwanachama, Kidato cha Tatu