Padre wa Nchi ya Theluji

Padre Hudson Stuck alizaliwa London mwaka 1863. Kuanzia 1904 alikuwa Shemasi Mkuu wa Yukon, huko Alaska, akisafiri maelfu ya maili katika theluji kwa gari la kukokotwa na mbwa, awafikie Wakristo wa vijiji vya mbali.

Mwaka 1913, yeye na wenzake watatu walifika kilele cha mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, mita 6,190. Wa kwanza kukanyaga kileleni alikuwa Walter Harper, kijana ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa Alaska. Padre mwenyewe alizimia kwa kitambo kidogo.

Nasi wenye Kilele cha Uhuru twampendea jambo jingine: aliwasihi Wamarekani waurudishie mlima jina la wenyeji, Denali, badala ya McKinley. Alifariki Fort Yukon mwaka 1920. Serikali ililirudisha jina hilo mwaka 2015, ikaliondoa tena 2025.