Dk. Trowell: Mtafiti wa Mulago aliyeacha jina alilolitetea ili watoto wapone

JINA kwashakoo, ambalo wazazi wamelisikia kwa miaka mingi katika kliniki za watoto, lina historia ndefu ya mabishano ya kitabibu. Miongoni mwa waliohusika zaidi katika mabishano hayo ni Dk. Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa takriban miaka 30 na kufariki dunia mwaka 1989.

Alizaliwa mwaka 1904, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas jijini London, na mwaka 1929 akaajiriwa na serikali ya kikoloni nchini Kenya. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akawa daktari katika Hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere.

Wodini alikuta watoto wadogo waliovimba miguu na uso, nywele zimepauka, ngozi ina mabaka meusi yaliyobanduka mithili ya rangi kuukuu ukutani. Hawakucheza, hawakutaka chakula, na nyuso zao zilijaa huzuni. Wengi walikufa.

Ngozi hiyo ndiyo iliyompotosha. Mabaka yale yalifanana na ya pelagra, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, na uliowapata zaidi watu waliotegemea mahindi. Mwaka 1937 alichapisha makala akiuita ugonjwa huo pelagra ya watoto wa Kiafrika, na mwaka 1940 akaurudia msimamo huo.

Hata hivyo, Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikwishaueleza ugonjwa huo mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina lililotumiwa na Waga wa Accra, yaani maradhi ya mtoto anayeondolewa kifuani mwa mama kwa sababu mdogo wake anakuja. Alisisitiza kuwa haikuwa pelagra, lakini Dk. Hugh Stannus, bingwa wa pelagra nchini Uingereza, alimpinga.

Ubishi huo haukuwa wa maneno matupu, kwani jina la ugonjwa ndilo lililoamua dawa. Ilipogunduliwa mwaka 1937 kwamba niasini hutibu pelagra, ilitarajiwa kwamba watoto wa Mulago nao wangepona. Hawakupona. Dk. Trowell alilazimika kuyatazama upya maandishi yake mwenyewe.

Mwaka 1945, yeye na daktari Mganda, Dk. E. M. K. Muwazi, walichapisha utafiti ulioutambua ugonjwa huo kuwa aina ya pekee ya utapiamlo unaoua. Mwaka 1954, pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, alitoa kitabu kiitwacho Kwashiorkor. Safari hii alilitumia jina la Dk. Williams. Mkazo ukawa protini, na maziwa yakawa msingi wa tiba.

Huzuni ya watoto hao nayo ilichunguzwa. Mwaka 1955 Marcelle Geber na Dk. Dean walichapisha makala kuhusu mchango wa hali ya nafsi katika kuzuka kwa ugonjwa, wakitaja mtoto kutenganishwa ghafla na mama anapoachishwa ziwa. Miaka hiyohiyo, Mary Ainsworth aliwafuatilia watoto wachanga katika vijiji vya Buganda. Kitabu chake cha mwaka 1967 ni nguzo ya saikolojia ya watoto.

Dk. Trowell alirejea Uingereza, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, na mwaka 1975 akahariri pamoja na Denis Burkitt, aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji Uganda, kitabu kuhusu madhara ya vyakula vilivyokobolewa.

Hadi leo wanasayansi hawajakubaliana kikamilifu kuhusu chanzo cha kwashakoo, kwani upungufu wa protini pekee hauelezi kila kitu. Linalofahamika ni kwamba huwapata hasa watoto wanaolishwa vyakula vya wanga bila mchanganyiko wa kutosha.

Kwa sababu hiyo, somo la Mulago linazihusu pia familia za Ushirombo, mkoani Geita, na za Kanda ya Ziwa kwa jumla, ambako ugali wa mahindi au muhogo ni chakula cha kila siku. Mtoto aliyevimba miguu, anayebanduka ngozi na asiyecheka wala kucheza hatibiwi kwa kupakwa mafuta. Anapaswa kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa.