Tabibu Aliyezihesabu Rangi za Jicho

Juzi usiku nilikuwa ndani ya matatu iendayo Buruburu. Mwanga wa taa nyekundu na wa taa ya kijani ulipokutana kwenye paa jeupe, pakatokea doa la manjano. Mtoto aliyeketi karibu nami alimuuliza mamaye manjano hayo yametoka wapi, ilhali hapakuwa na taa ya rangi hiyo. Mama alinyamaza. Mimi nilikuwa na jibu, lakini tulikuwa tumefika Makongeni, nikateremka. Deni hilo nalilipa leo.

Aliyelitegua fumbo hilo ni Thomas Young, tabibu aliyezaliwa Milverton, Uingereza, mwaka wa 1773. Alitambua kwamba rangi hazina idadi, ilhali jicho ni dogo. Haliwezi kuwa na kipokezi cha kila rangi katika kila sehemu yake. Mnamo 1801 alipendekeza kwamba aina tatu za vipokezi zatosha, na kwamba rangi nyinginezo hutokana na kiasi ambacho kila aina imeamshwa. Doa lile la matatu, basi, ni kazi ya jicho lililoamshwa na nyekundu na kijani kwa pamoja. (Fundi wa mabango akichanganya rangi hizo za mkebe atapata kahawia ya tope, kwa kuwa rangi ya mkebe humeza mwanga.)

Hapo awali Young alitaja nyekundu, manjano na buluu. Punde akajisahihisha: nyekundu, kijani na zambarau. Sisi wa vyuo vikuu hujisahihisha kwa nadra mno! Nadharia zake kuhusu mwanga zilikejeliwa vikali katika jarida la Edinburgh Review.

Bwana huyu alikuwa mwanaisimu pia. Ndiye aliyebuni, mwaka wa 1813, jina la jamii ya lugha za Kihindi-Kiulaya, na alichangia kufumbua maandishi ya Jiwe la Rosetta. Kwa hiyo humtaja darasani kila mwanafunzi anaposikia kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu asilia vya rangi, -eusi, -eupe na -ekundu, kisha akakimbilia kudai kwamba wahenga wetu hawakuiona kijani. La hasha! Aliyeiita rangi kwa jina la jani alikuwa amelitazama jani sawasawa. Utatu wa vivumishi ni wa lugha. Ule wa Young ni wa jicho, na jicho la Mwingereza halipiti la mkazi wa Kariobangi.

Young alifariki London mwaka wa 1829. Katika miaka ya 1960 wanasayansi walizipima seli za jicho moja moja, wakakuta aina tatu.